Dawa ya Kengele na Mume Asiyejua Kungoja

Kila asubuhi, katika nyumba ya Fundi Mafuta, chai ilinywewa kwa ugomvi. Si ugomvi wa kuvunja vyombo. Ulikuwa ule ugomvi mtamu wa watu wawili waliozoeana.

Fundi alikuwa akitengeneza cherehani. Watu walimwita Mafuta kwa sababu alinukia mafuta ya cherehani Jumatatu mpaka Jumapili, hata akitoka kuoga. Tena alikuwa bingwa wa kutia chumvi.

"Jana nimetengeneza cherehani moja," alikuwa akisema huku akimimina chai. "Ikapata kasi! Mwenyewe akashona shati, suruali na pazia la jirani kabla hajatoa mguu kwenye pedali."

"Muongo we!" mkewe alikuwa akidakia. "Juzi ilikuwa shati tu. Suruali imezaliwa lini?"

Mkewe alikuwa mshonaji. Mtaa mzima ulimwita Kengele. Sauti yake ilifika sokoni kabla yake. Ilichagua nyanya, ikazigeuzageuza, ikagombana na muuzaji. Mwenyewe alipofika, alikuta zimeshafungwa.

Halafu sauti ile ikaondoka.

Haikuondoka kwa siku moja. Kwanza Kengele aliacha kudakia. Kisha aliacha kushona. Vitambaa alivyokwisha kukata vilikaa mezani, mikono upande huu, kola upande ule, kama ndugu walionuniana. Chakula alikidonoa tu. Usingizi ulimkataa. Siku moja kifungo kilimdondoka, akakaa chini akalia kama aliyefiwa.

Fundi alijaribu uongo wake mkubwa kuliko wote, ule wa cherehani iliyoogelea. Kengele alimtazama tu, kisha akageukia ukuta.

Watu huwakumbuka wake zao waliosafiri. Fundi alimkumbuka mke aliyeketi mbele yake, kwenye kiti kilekile, na khanga ileile.

Walikwenda zahanati. Daktari aliuliza mambo mengi, akasikiliza bila haraka. Mwishoni akasema, "Mama, huu ni ugonjwa. Unaitwa sonona, wengine huuita unyogovu. Si uvivu, wala hujarogwa. Una tiba."

Akampa vidonge, kimoja kila siku. Akaeleza na mengine mengi. Lakini Fundi alikuwa ameshasikia neno "tiba", na moyo wake ulikuwa umeshatoka nje unacheza. Yale mengine yote yalipita juu ya kichwa chake.

Siku ya kwanza Kengele alimeza kidonge kabla hajala kitu. Haikuchukua muda, tumbo likaanza kumgeuka. Kinywa kikamkauka. Kichwa kikagonga. Alipojaribu kutunga uzi kwenye sindano, vidole vilitetemeka, uzi ukapita kila mahali isipokuwa tunduni.

"Naona kama nazidi kuumwa," alisema kwa sauti ndogo.

Fundi alishtuka. Sasa, mafundi wa cherehani wana sheria yao. Ukiweka kipuri kipya na mashine ikaanza kugumia, usibishane nayo. Kitoe. Isikilize. Ikitulia, kirudishe ujaribu tena. Sheria hiyo ndiyo iliyomlisha Fundi na nyumba yake miaka yote. Basi akaitumia kwa mkewe.

"Tuitoe kwanza hiyo dawa, mke wangu," alisema. "Tusikilize."

"Daktari alisema kila siku."

"Daktari hajasikia unavyogumia."

Kengele wa zamani angebishana mpaka jua lizame. Huyu aliitikia kwa kichwa. Fundi alishinda ubishi, na ushindi ule ulimuuma kuliko kushindwa.

Akachukua vidonge, akaviweka kwenye droo yake ya sindano. Mkewe akiwa na kichefuchefu, droo ilifungwa. Akionekana nafuu, droo ilifunguliwa, akapewa kimoja. Mwenyewe alijiona fundi hodari. Lakini kila dawa iliporudi, kichefuchefu kilirudi nayo. Kila ilipoondolewa, Kengele alikuwa na kizunguzungu na hasira zisizo na mwenyewe. Fundi alitega sikio asubuhi na jioni, akisubiri sauti aliyoijua. Hakusikia kitu.

Mchana mmoja Kengele aliingia karakana ya mumewe, akavuta droo, akatoa vidonge.

"Natupa," alisema.

"Unatupa nini?"

"Hizi. Zimenichukulia hata kile kidogo nilichobaki nacho."

"Ukitupa, halafu?"

"Nitakaa hivihivi."

"Hivihivi mpaka lini?"

Kengele alisimama pale, vidonge mkononi, macho yakitazama mahali pasipo na kitu. Fundi aliogopa. Hakuwa ameogopa hivyo tangu azaliwe, na huyu alikuwa mtu aliyedai kupigana na chui kwa bisibisi.

"Nipe dakika moja tu," alisema. "Usitupe. Nakuomba, mke wangu."

Akapanda ngazi mbilimbili. Orofa ya juu ya nyumba hiyohiyo aliishi muuguzi wa zahanati, mama wa makamo asiyependa kupayuka. Mtaa ulimwita Jirani wa Juu. Siku hiyo alikuwa hana zamu. Alishuka na ndala, mikono ina povu la kufulia.

"Haya, shemeji," alisema, "nieleze. Na leo usitie chumvi."

Fundi akaeleza yote, na droo, na sheria ya kipuri. Jirani wa Juu aliigonga cherehani iliyokuwa karibu.

"Shemeji, cherehani ina tumbo?"

"Haina."

"Ina ubongo?"

"Haina. Ingawa ipo moja niliyowahi…"

"Nyamaza! Huyu ana vyote viwili. Kipuri cha chuma ukikiweka leo, kinafanya kazi leo. Dawa hii haiko hivyo. Mwili unahitaji muda kuizoea. Siku za mwanzo huwa na maudhi madogo madogo: kichefuchefu, kichwa kuuma, kinywa kukauka, kutetemeka, usingizi kuyumba. Kwa wengi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Lakini faida yenyewe huchelewa. Huchukua wiki kadhaa ndipo mtu aione vizuri."

"Kwa hiyo maudhi yanatangulia, nafuu inafuata nyuma?"

"Ndiyo. Na wewe kila yakikaribia kupita, unamrudisha mwanzoni. Mwenzio amekuwa akianza, akianza, akianza. Hajawahi kufika."

Fundi alikaa juu ya kigoda. Alitamani ardhi imfunike, na cherehani zote juu yake.

Jirani wa Juu alimgeukia Kengele, akamshika mkono na povu lake lilelile. "Dada yangu, nitakuuliza swali zito. Namuuliza kila mtu, usione vibaya. Umewahi kufikiria kujiumiza? Au kwamba afadhali usingekuwepo?"

"Nimechoka tu," alisema Kengele. "Kujiumiza, hapana. Nataka kurudi, ila sijui njia."

"Asante kwa kuniambia. Wazo hilo likija, usilifiche. Tuambie siku hiyohiyo, au mwende hospitali moja kwa moja. Wiki za mwanzo za dawa ndizo za kuangalia zaidi, hasa kwa vijana. Shemeji, unasikia?"

"Nasikia."

"Tena, mkiona amekuwa na wasiwasi mkali asioweza kutulia, au anachangamka kupita kiasi, halali na hachoki, msingoje. Akivimba uso, akitoka vipele, akishindwa kupumua, akipata degedege, au homa kali na kuchanganyikiwa, hayo si maudhi madogo. Hospitali, mara moja."

"Na haya ya kichefuchefu?" aliuliza Kengele. Lilikuwa swali lake la kwanza kwa muda mrefu. Fundi aliinua kichwa.

"Umekuwa ukimeza tumbo tupu?"

"Chakula hakipiti."

"Basi kula kidogo kidogo. Kipande cha mkate kinatosha, ndipo umeze. Kinywa kikikauka, piga funda la maji mara kwa mara, au tafuna bigijii isiyo na sukari. Kahawa na chai ya rangi nzito punguza, zinaongeza kutetemeka. Pombe acha kabisa. Ukiamka, usiruke kama askari. Kaa kwanza, kisha simama. Dawa ikikunyima usingizi, muulize daktari kama uimeze asubuhi. Ikikulaza mchana, muulize kama uimeze jioni. Na dawa nyingine yoyote unayotumia, hata ya mitishamba, mwambie. Zipo zisizopatana na hii."

Akakohoa kidogo. "Na mambo ya chumbani. Hamu inaweza kupungua. Msione haya kuuliza, daktari ameshayasikia yote."

Fundi aliokota bisibisi, akaanza kuipangusa kwa bidii kubwa sana. Kengele alimtazama. Kona ya mdomo wake ilitikisika, kidogo tu, kisha ikatulia.

"Sasa nimeze leo?" aliuliza Kengele.

"Mmeshaichanganya ratiba. Kesho rudini kwa daktari, mpelekeeni na hivyo vidonge. Semeni ukweli wote. Yeye ndiye atakayesema muanze vipi. Msiongeze ili kufidia, msipunguze, msiache ghafla. Maudhi yakigoma kuondoka, anaweza kubadilisha kipimo au dawa yenyewe. Dawa ziko nyingi, na hakuna aliyekulazimisha kuteseka kimya."

Kesho yake walikwenda. Fundi alisema ukweli mbele ya daktari, bila kuongeza hata punje ya chumvi. Daktari hakumfokea. Alisema wengi huacha dawa mwanzoni, kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema, au waliambiwa na hawakusikia. Alimwanzisha Kengele upya kwa kipimo kidogo, asubuhi, baada ya chakula. Akampangia siku ya kurudi. Akasema pia kwamba, akijisikia vizuri, bado asiache. Dawa huendelea kwa miezi, na siku ya kuacha itapangwa pamoja, polepole.

Kisha ikaja kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya Fundi. Kungoja.

Asubuhi alikata mkate, akapaka siagi kidogo, akakaa karibu. Kengele alikula, akameza kidonge. Kichefuchefu kilikuja, lakini hakikumlaza. Maji yalikaa karibu naye. Kutetemeka kulipungua kwanza, kisha kichwa. Usingizi ulirudi kwa vipande, kama mgeni asiye na hakika kama anakaribishwa.

Lakini Kengele hakurudi. Bado.

"Mbona hakuna kitu?" Fundi alimuuliza Jirani wa Juu kwenye ngazi. "Tumbo limetulia, lakini yeye hayupo."

"Umeshaanza kugusa droo?"

"Sijagusa!"

"Basi endelea kutogusa."

Akaendelea. Mikono ilimwasha. Alitengeneza cherehani zote za wateja, zikaisha, akatengeneza na zile zisizoharibika. Jioni alitembea na mkewe mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Walitembea kimya. Alikitazama kivuli cha mkewe ukutani, akakikumbuka kilivyokuwa kikirusha mikono zamani. Ilikuwa hamu ya ajabu, hamu ya mtu ambaye bega lake linagusa bega lako.

Kulikuwa na siku mbaya pia. Siku moja Kengele alilala kutwa, akasema hakuna linalosaidia. Fundi hakutoa ushauri. Alimletea mkate na kidonge, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Leo imekuwa mbaya," alisema. "Nipo." Zamani angekuwa na hadithi ya saa nzima. Siku hiyo alikuwa na maneno hayo tu, nayo yalitosha.

Wiki zikasogea. Asubuhi moja Kengele alimaliza mkate, akaomba mwingine. Siku nyingine Fundi alikuta kola moja imeunganishwa na shati lake. Hakusema kitu, aliogopa kuishtua. Kesho yake mikono miwili ikapata mwili wake. Mteja mmoja akaja kulalamika kwamba nguo imechelewa, na kutoka chumba cha mbele ikasikika sauti, bado nyembamba, lakini ya kwake: "Imechelewa, ndiyo. Nilikuwa mgonjwa, sasa napata nafuu. Geuka nikupime tena, umenenepa!"

Fundi aliinamia cherehani iliyokuwa mbele yake ili mtu asimwone uso.

Jioni hiyo walitoka kutembea kama kawaida. Safari hii walipita mwisho wa mtaa, wakaendelea mpaka barabara kubwa, mahali wanapouza maua ya vyungu. Kengele alisimama, akanusa moja, akashuka mstari mzima akinusa. Kisha akasema bila kumtazama mumewe:

"Nilikuwa na hamu na wewe."

"Na mimi?" Fundi alishangaa. "Mimi nilikuwepo siku zote."

"Najua. Nilikuwa nakuona. Ilikuwa kama kukutazama kupitia kioo cha dirisha, mimi nje, wewe ndani. Nakuona unazungumza, siwezi kuingia."

"Na sasa?"

Kengele alifikiri. Hakutaka kumpa jibu la kumfurahisha tu.

"Sasa nimefika mlangoni," alisema. "Usinivute. Nitaingia mwenyewe."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Wakanunua ua moja, akalibeba yeye. Wakarudi nyumbani kwa mwendo wa Kengele.