Ndoo ya Dagaa Iliyorudi Nkome

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaoishi mbali na mama zenu, nisikilizeni kidogo.

Lusia wa Kagongwa alikuwa mtu wa kula na kucheka. Jioni alikaa mlangoni na bakuli la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, akishushia kwa maziwa ya mgando. Alimtania mumewe, mzee Maduhu, aliyekula harakaharaka: "Taratibu, baba Asteria, hakuna anayekukimbiza." Binti yao Asteria aliuza dagaa kwenye mwalo wa Nkome, kule ziwani mitumbwi ya wavuvi inakoshusha samaki, na kila mwezi alituma ndoo moja nyumbani kwa basi.

Alipofika miaka arobaini na tisa, Lusia aliacha kuona siku zake. Likaja joto. Lilimpanda kutoka kifuani hadi usoni, akalowa jasho katikati ya ibada. Akampigia binti yake.

"Mwanangu, mwili unawaka."

"Mayu, mama yangu nawe! Jua la huko hilo, nunua feni." Asteria alicheka, wateja wakamwita, akakata simu.

Mama hakurudia. Aliyemsikiliza ni jirani yake, Mbuke. "Damu haitoki tena, shoga. Unadhani inaenda wapi? Imejaa humo, inachemka. Acha kila kinachoongeza damu."

Mbuke hakuwa na nia mbaya. Naye aliambiwa hivyo na shangazi yake. Lusia akaacha maziwa, maharage, majani ya kunde na dagaa. Akabaki na ugali wa muhogo kwa pilipili, na chai kali ya rangi kikombe baada ya kikombe. Joto likazidi.

Mwezi ule ndoo ilirudi Nkome, mfuniko haujaguswa.

"Bi mkubwa kasema damu yake inamtosha," alisema kondakta.

Asteria alidhani mama amemsusa. Naye akasusa, hakutuma tena. Kila Krismasi alipokwenda nyumbani alimkuta mama amepungua, akajiambia ni uzee tu.

Mwaka wa nane tangu aache maziwa na dagaa, Lusia aliteleza kando ya mtungi wa maji. Kuanguka kudogo tu, lakini nyonga ikavunjika. Hospitalini, muuguzi Serafina alimwuliza anakula nini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, damu haijai. Hedhi hukoma kwa umri. Chai kali na pilipili huweza kuliamsha hilo joto. Na baada ya hedhi kukoma mifupa hudhoofika haraka. Hapo ndipo ulipohitaji zaidi yale maziwa na dagaa."

Lusia akamgeukia binti yake, aliyekuwa amekuja kumwuguza. "Ng'wanawane, mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Sikujua, mayu. Na sikukuuliza."

"Basi niletee matobolwa."

Alikula mawili, akatabasamu. Hakuinuka tena kitandani. Kwa kulala siku nyingi kifua kikambana, na mvua zilipoanza tulikuwa tumeshamzika.

Ndoo ile bado ipo kwenye meza ya Asteria. Akija mwanamke wa umri wa mama yake, humpimia dagaa, kisha huuliza kwa sauti ya chini: "Shikamoo, mama. Joto linakusumbua?" Wengine hushtuka. Wengi huvuta kigoda. Naye huwasikiliza, wateja wakiita, na hamwachi mama wa watu katikati ya neno.

FUNZO

Hedhi inapokoma, damu haijai mwilini. Mama asinyimwe maziwa, dagaa, maharage na mboga, na apunguze kile anachoona kinamwamshia joto. Chakula hakimalizi kila taabu, kwa hiyo aende kituo cha afya bila aibu. Nasi watoto, mama akisema mwili unawaka, tusicheke. Tumwulize, angali yupo wa kujibu.