Pembe Isiyovuja

Siku ya kwanza chai ya Mama Razafy ilipopoa kabla ya kufika mdomoni, bintiye Voahirana alilaumu kikombe. Siku ya pili alilaumu Novemba, ingawa Novemba ya Moramanga haijawahi kumpoza mtu. Siku ya tatu mama alikuwa chini ya mablanketi matatu, midomo ya buluu.

"Ni wale watu wako," alinong'ona.

Watu wenyewe walikuwa sanamu tisa, za mbao na misumari ya reli, kazi yake ya miaka miwili. Mbao Voahirana alizitoa kwenye banda la nguruwe la jirani. Kabla ya nguruwe zilikuwa behewa la ng'ombe, na mwaka 1947 Wafaransa walifungia humo wafungwa, wakawamiminia risasi kupitia mbao hizohizo. Matundu yapo. Voahirana aliyaacha yawe vinywa.

"Umewaweka pembe ya kaskazini mashariki. Pembe ya wahenga."

"Mama, ndiyo pembe pekee isiyovuja."

"Na wao watajuaje?"

Alasiri hiyo, jua likiwaka, misumari ilianza kulia mmoja mmoja, harufu ya makaa ya mawe na samadi ikajaa chumbani, na kutoka kwenye matundu, taratibu, kwa uchovu wa watu waliokwisha kuomba mara nyingi na kuzoea kunyimwa, zikatoka sauti ambazo mama alizijibu kwa kutetemeka kabla bintiye hajazielewa: *Tuna baridi.*

Mganga Zoeline, alipoitwa, hata hakuketi. "Marehemu akisema ana baridi anataka sanda mpya, unajua. Wewe umewakaribisha kama wazee wa nyumba. Wavishe."

"Ijumaa wanachukuliwa kwenda kwenye maonyesho ya sanaa. Nikiwafunga, nani atawaona?"

"Basi waonekane, umzike mama yako."

Kuvisha sanda kunahitaji kibali. Bwana Andriamihaja, ofisa wa vibali, sanaa na mbwa, alifungua daftari.

"Vyeti vya kifo?"

"Waliowaua hawakutoa vyeti."

"Basi, dada yangu, kiserikali hawajafa."

Voahirana aliwavisha bila kibali, kwa mashuka, mapazia na hariri ya harusi ya mama yake, akifunga kila fundo kwa vidole vilivyokufa ganzi. Kwenye fundo la tisa Mama Razafy alitupa blanketi. "Mbona mnanipika?"

Ijumaa ofisa alifika na gari lake dogo, kukagua kabla ya lori kuja kuwachukua.

"Hivi ni vitu gani? Maonyesho ya mizigo?"

"Usifungue, bwana. Nakuomba."

"Mali inayosafirishwa na serikali hukaguliwa." Akafungua fundo moja, akachungulia, akasaini. Kisha akasugua viganja. "Nyumba yenu ina baridi."

Voahirana alirudisha fundo haraka, akampa blanketi. Ofisa alikataa, halikuwa kwenye fomu.

Mama Razafy alikuwa dirishani na chai yake. Ilimuunguza ulimi, akacheka. Kisha akashusha kikombe. Nje, juani, Bwana Andriamihaja alikuwa akiwasha gari peke yake, na kioo cha upande wa abiria kilikuwa kikishika ukungu kutoka ndani, pumzi baada ya pumzi.