Ute Usiokauka

Kidonge kilitumbukia kwenye bwawa la Kituo cha Mirusho cha Tanga, kikaelea kidogo, kisha kikafunguka katikati. Ndani yake abiria alikuwa amezama hadi utosini katika ute wa kijani, barakoa ya hewa usoni. Alipoinuka, ute ulivutika kama mlenda. Dakika hamsini zilizopita mtu huyu alikuwa Vancouver, karibu kilomita elfu kumi na tano kutoka hapa. Bila ute, kasi ya mrusho ingemsagasaga mifupa.

Mhandisi Zumrati Kheri, aliyeubuni ute huo, alikuwa ukingoni akimsubiri. Abiria alikuwa mdogo wake, Mbaruku. Baba yao alifariki alfajiri, na jambo aliloliusia ni moja tu: aoshwe na mwanawe wa kiume.

"Pole, dada," Mbaruku alisema, akitema donge la ute. "Twende upesi. Narudi na kidonge hikihiki, nina kikao."

"Kaoge kwanza."

"Nikioga itabidi nilowekwe upya kwenye ute masaa matatu. Si wewe mwenyewe uliyetutengenezea ute wa kwenda na kurudi?"

Ilikuwa kweli. Zamani abiria alioga kila alipofika. Wateja wakalalamika kwamba kuoga na kulowekwa kunakula muda kuliko safari yenyewe, naye akabuni ute usiokauka, ili mtu avuke dunia na kurudi bila kugusa maji. Uchafu mtupu, na walimpa tuzo kwa ajili yake! Garini ute ulimchuruzika Mbaruku masikioni ukinuka samaki aliyevunda, na Zumrati akashusha vioo vyote.

Nyumbani, Maalim Bwanakombo alikuwa mlangoni mwa chumba cha kuoshea, maji yameshatiwa karafuu maiti.

"Mwanangu, huingii hivyo. Kajimwagie maji uje, tunakungoja."

"Maalim, nitavaa glavu."

"Glavu! Unamwosha babako au unaosha gari?"

Mbaruku alitazama saa, akajipenyeza apite. Tone la ute likamdondoka, likaangukia pembe ya sanda iliyokunjwa kando ya mlango.

Zumrati alichota ndoo ya maji uani akammwagia mdogo wake yote kichwani. Ute ukapasukapasuka, ukamporomoka miguuni kwa mapande, na uso wa Mbaruku ukaonekana, ule ule wa baba yao.

"Umeniharibia safari!" alifoka.

"Haya, sasa umetakata," Maalim alisema kwa upole, akamfungulia mlango. "Ingia, baba."

Lakini Mbaruku alikuwa ameshatoka kwenda barazani, simu sikioni, akiwauliza wa kituoni kama kuna pipa la kulowekea lililo wazi. Lilikuwepo. Akaondoka akikimbia, maji yakimdondoka.

Mzee Kheri akaoshwa na majirani. Zumrati alibaki akisugua kizingiti kwa kitambaa, na ute ukazidi kutanda. Jeneza lilipopita mbele ya kituo kuelekea makaburini, Mbaruku alikuwa bado amelala ndani ya pipa, akisubiri ute umwingie. Alikuwa na masaa matatu ya kukaa humo. Kumwosha baba yake kusingemchukua hata moja.