Kipoza cha Injini Iliyokufa

Watu wa gatini walimwita Sasahivi. Ukimwuliza boti itaondoka lini, atakujibu, "Sasa hivi." Ukimwuliza chai atakunywa lini, "Sasa hivi." Mkewe alisema kwamba hata usingizini mguu wake mmoja ulikuwa safarini.

Lakini sasa boti yake ilikuwa imefungwa gatini, na Sasahivi hakuwa na pa kupeleka miguu. Alizunguka sebuleni. Alifungua dirisha, akalifunga. Alijigonga goti kwenye kiti, akakigombeza kiti.

"Baba watoto, kaa basi," alisema mkewe. "Umenichosha macho."

"Nitakaa sasa hivi," alijibu, akatoka nje.

Injini yao ya zamani ilikufa katikati ya mto, boti ikiwa na abiria. Ilipiga kelele kama masufuria yanayoanguka, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mkondo uliwasukuma mpaka kwenye matope. Hakuna aliyeumia, lakini binti yao alikuwamo. Siku ile aliapa kwamba hatapanda boti tena. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Binti huyo alikuwa fundi cherehani katika duka la nguo, ng'ambo ya mto. Sasa alikwenda kwa basi, akizungukia daraja la mbali. Basi lilikuja lilipotaka, na yeye alichelewa mara kwa mara. Mwenye duka alikuwa mama asiyecheka ovyo. Alimwambia, "Ukichelewa tena, usihangaike kuvua viatu mlangoni. Geuza urudi kwenu."

Ndiyo maana Sasahivi alitaka boti iwe majini Jumatatu. Injini nyingine ilikuwa imekwisha patikana, nzima, imetolewa kwenye lori. Ilikuwa tayari imefungwa ndani ya boti. Kilichobaki ni njia za oili.

Jumamosi asubuhi alikaa barazani na beseni la mafuta ya taa. Alikuwa anasugua kipoza oili alichokifungua kwenye injini ya zamani. Binti yake alikuwa pembeni, anakata kitambaa cheupe.

Jirani yao alichungulia juu ya ukuta. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha barafu, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Barafu.

"Shemeji," alisema, "naona unaogesha maiti."

"Naogesha kipoza, shemeji. Hakivuji hata tone. Nakifunga leo, na Jumatatu binti yetu anawahi kazini."

Mke wa Sasahivi alitoka na vikombe vya chai. "Mimi sielewi," alisema. "Lori lilikwenda miaka yote bila kidude hicho. Kwa nini boti ikitake?"

Mama Barafu alizunguka, akaingia kwa mlango wa uani. Chai ya watu hakuwahi kuikataa.

"Lori linakimbia barabarani, upepo unaipiga injini," alisema. "Kwenye boti injini imefungiwa ndani ya sanduku. Humo upepo utatoka wapi? Tena boti inavuta muda wote, kama lori linalopanda mlima usio na kilele. Oili inapita kwenye vyuma, inavilainisha na kubeba joto lake. Isipopozwa inakuwa nyepesi kama maji, na vyuma vinaanza kulana."

"Na kipoza kinafanyaje?" aliuliza binti.

"Ndani kina vijibomba vyembamba. Maji ya mto yanapita ndani yake, oili inapita nje yake. Havichanganyiki. Vinapeana joto tu, kama majirani wenye ukuta mmoja."

"Basi si ndiyo hiki hapa?" alisema Sasahivi. Tayari alikuwa amesimama, kipoza mkononi.

"Hicho ni cha marehemu. Kwani injini ile ilikufa kwa nini?"

"Siku yake ilifika."

"Acha hizo, shemeji! Filta ya oili uliibadilisha mara ya mwisho lini?"

Sasahivi alitazama viatu vyake. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Filta ilikuwa chini kule, nyuma ya injini. Mpaka ulale kifudifudi, mkono uingie mpaka begani. Kila nikimkumbusha, ananiambia sasa hivi."

Mama Barafu hakucheka. Alimwomba binti kipande cha kitambaa cheupe, akakitandaza juu ya beseni jingine, tupu. Aliinamisha kipoza, akakigonga kwa kipande cha ubao. Oili nyeusi ikadondoka.

"Nimeshakisafisha hicho," alisema Sasahivi.

"Umesafisha nje."

Binti alikiinua kitambaa, akakipeleka juani. Ndani ya ule weusi vitu vidogo vilikuwa vinametameta. Alivigusa kwa kidole. Vilikuwa vikali kama mchanga.

"Hizo ni beringi za injini ile," alisema Mama Barafu. "Zilisagika, oili ikazibeba mpaka humu. Zimejificha kati ya vijibomba. Ukikifunga kipoza hiki, injini mpya itazinywa."

"Lakini filta ipo! Itazinasa."

"Filta ina kilango ndani yake. Ikiziba, kilango kinafunguka, oili inapita bila kuchujwa. Wameweka hivyo kwa sababu injini bila oili inakufa papo hapo. Ila oili hiyo inapita na uchafu wake wote. Hapo ndipo ile ya kwanza ilipoanza kufa."

Binti aligeuka. "Baba, ulitaka kunipakia na hivi?"

Sasahivi alikaa kitako sakafuni. Moyo ulimuuma, na hakuficha.

"Nilitaka uwahi, mwanangu."

"Dukani wana kipoza kipya," alisema Mama Barafu, "lakini kinaagizwa. Kitafika katikati ya wiki. Na mipira ya oili nunua mipya, ile minene ya kuhimili joto na presha. Usiweke mpira wa maji, utapasuka."

"Na Jumatatu je?" aliuliza Sasahivi.

"Jumatatu nitapanda basi," alisema binti. "Boti nitapanda siku nitakapoona kitambaa hakimetimeti."

Jumatatu, kabla hakujapambazuka, Sasahivi alimsindikiza binti yake kituoni. Alitangulia mbele kila mara, kisha akarudi kumwambia akaze mwendo. Binti aliwahi. Jumanne basi lilichelewa, akafika mwenye duka akiwa tayari ameshika kitasa. Walitazamana. Mama yule alitazama saa yake, akampisha aingie.

Kipoza kilipofika, Mama Barafu alikuja gatini alipotoka kazini. Sasahivi alikuwa amekwisha kupanga spana, akazipanguapangua, akazipanga tena.

Kwanza walihamisha kikalio cha filta. Walikifunga kwenye ukuta wa sanduku la injini, karibu na mfuniko. Sasa mkono ungeifikia filta mtu akiwa amesimama. Kipoza wakakifunga kando yake, na Mama Barafu akasoma alama ya oili kuingia na ya kutoka kwenye vyote viwili. Oili ingetoka kwenye pampu, ipoe kwenye kipoza, ichujwe kwenye filta, ndipo irudi kwenye vyuma. Mipira waliifunga mbali na vyuma vya moto. Kabla ya kuiweka filta mpya waliijaza oili, wakapaka oili kwenye mpira wake wa mdomoni.

Sasahivi alichukua spana.

"Mkono tu," alisema Mama Barafu. "Ukikaza kwa spana, kuifungua itakuwa vita."

Kisha walizungusha injini bila kuiwasha, mpaka geji ikaonyesha presha. Ndipo wakaiwasha. Ilinguruma vizuri, na Sasahivi akairukia kamba ya gati.

"Unakwenda wapi?"

"Majini! Si imewaka?"

"Acha kamba. Tia gia hapa hapa, ivute ikiwa imefungwa."

Boti ilivuta kamba, maji yakachemka nyuma. Sasahivi alihamisha uzito mguu huu, mguu ule. Baada ya muda mkewe, aliyekuwa amewafuata gatini, alielekeza tochi ndani ya sanduku.

"Hapa panadondoka," alisema, akaligusa tone kwa kidole.

Kiungo kimoja cha mpira kilikuwa kinavuja. Kikiwa baridi kilikuwa kikavu, joto lilipokuja kikaanza. Walizima, wakakikaza, wakapima oili. Ilikuwa imepungua, kwa sababu kipoza na mipira vilikuwa vimechukua sehemu yake. Wakaongeza, wakajaribu upya mpaka pakawa pakavu kabisa. Sasahivi alitazama tone lile kwenye kidole cha mkewe, kisha akatazama katikati ya mto. Hakusema, "Sasa hivi."

Siku mbili alikwenda na kurudi bila abiria. Kila jioni alisafisha chujio la maji ya mto, lisizibe kwa matope. Halafu akamwaga oili ile ya mwanzo na kubadilisha filta, kama alivyoelekezwa. Kazi ilikwisha kabla chai haijapoa.

Asubuhi binti alikuwa mlangoni anavaa viatu vya kwenda kituoni. Baba yake alimnyooshea kitambaa cheupe chenye doa la oili ile aliyoimwaga.

Binti alikipeleka juani. Alikigeuza upande huu na upande ule. Alikisugua kwa vidole. Palikuwa na weusi tu, laini. Alikikunja, akakitia mfukoni, akashika njia ya gatini.

Boti ilijaa. Walipofika katikati ya mto, pale pale injini ilipokufa, abiria waligeuka kutazama sanduku la injini. Hata mke wa Sasahivi aliacha kukata tiketi. Binti alisikiliza injini. Alitazama geji. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa shati lililokosa kifungo, akatunga uzi kwenye sindano. Uliingia mara ya kwanza.

Sasahivi aliuona mkono ule uliotulia. Macho yalimjaa machozi.

"Tunafika lini, baba?" aliuliza binti, bila kuinua kichwa.

"Polepole, mwanangu," alisema. "Tutafika."