Mashua za Ganzi

Gislaine ndiye aliyeiona damu kwanza. Swadeck alikuwa amejikata kidole gumba kwa patasi, mkato mrefu, na bado aliendelea kubandika ubao mwembamba kwenye ubavu wa mashua iliyoenea kiganjani mwake. Damu ilimteremka hadi kwenye mkono wa sweta.

"Swadeck," Gislaine alisema kwa sauti ya chini ili wengine wasigeuke. "Hebu angalia mkono wako."

Akauangalia. "Aa," akasema. Akachukua kitambaa cha kufutia gundi, akajifunga, akarudi kwenye ubao wake.

"Haikuumi?"

"Bado."

"Bado? Kwani maumivu umeyapangia miadi?"

Zamani angemjibu. Walikuwa wametaniana miaka mingi katika karakana ile ya mji wa Curepipe, wanaume upande wa madirisha wakiunda meli za mfano, wanawake upande wa pili wakifunga kamba na matanga. Swadeck hakuunda meli. Kazi yake ilikuwa mashua tu, zile ndogo zinazolazwa juu ya sitaha, kila moja na mkuku wake, mataruma yake na makasia membamba kama njiti. Meli ikiwa na milingoti yote lakini haina mashua, mnunuzi huizunguka akihisi kuna kitu kimepungua, asijue ni nini. Swadeck ndiye aliyekuwa akikiweka kitu hicho.

Siku ile aliuinamia ubao wake tu. Gislaine akaulamba uzi wake, akautunga sindanoni.

Mke wa Swadeck, Shameem, alikuwa amefariki mwezi wa Julai. Kisukari kilimpa kidonda mguuni, kidonda kikaingia kwenye damu. Swadeck hakulia hospitalini, hakulia wakati wa kuosha maiti, wala kaburini. Watu walimsifu kwa subira. Khitma ya arobaini ikapita, naye akagawa sahani za biriani kama mtu anayehudumia harusi ya majirani, na hapo sifa zikapungua.

Jambo lenyewe lilianzia siku ya maziko. Mvua ilikuwa ikinyesha, waliomzika walikuwa wamekwisha kuondoka, na Swadeck alibaki kwenye bomba karibu na geti la makaburi akiosha matope mikononi. Tangu hospitalini kifua chake kilikuwa kimebanwa kama ubao kwenye jiliwa. Adhana ya magharibi ilianza. Yeye, badala ya kuiitikia, alisema kwa sauti, bila kumwambia Mungu wala mtu, "Bora nisisikie kitu chochote."

Alipoinamisha macho aliona kipande cha mti kando ya bomba. Kila kitu kilikuwa kimelowa, chenyewe kilikuwa kikavu. Hakikuwa na fundo wala ufa. Fundi ni fundi hata siku ya msiba. Akakiokota, akakitia ndani ya koti. Kabla hajafika barabarani kile kilichomkaba kifuani kilikuwa kimelegea. Usiku huo alilala kama gogo.

Tangu hapo mashua zote alizitoa kwenye mti ule. Alifanyia kazi nyumbani pia, katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Mti ulikatika vizuri, haukuchanika, haukukataa gundi. Alipasua humo mbao za mashua moja, kisha nyingine, kisha nyingine, na kile kipande kikabaki na ukubwa uleule. Swadeck aliliona hilo. Aliliona kama mtu wa Curepipe anavyoona mvua ya kila siku.

Aliyeogopa alikuwa Rehana, dada yake Shameem, aliyehamia pale kumsaidia Swadeck kumlea binti yake Nawsheen, wa darasa la tatu. Alasiri moja Rehana alikuwa amekaa jikoni na shemeji yake, ukungu umeziba dirisha, chai ya vanila mezani. Akasikia randa. Kwaru, kwaru, taratibu, kutoka chumba cha nyuma.

"Shemeji, nani yuko kule?"

"Kule wapi?"

"Chumbani kwako. Mtu anapiga randa."

Swadeck akasikiliza kidogo. "Ndiyo," akasema. "Anapiga."

"Nani?"

"Sijui. Huwa anaanza baada ya adhuhuri." Akasogeza kikombe. "Chai imebaki?"

Rehana alimtazama usoni akitafuta mzaha, hakuuona. Akaondoka kitini. Ukumbi wa nyumba ile ulikuwa mfupi, hatua chache tu, lakini alasiri ile alipokuwa akiupita huku ameshika ukuta aliona kama unarudi nyuma mbele yake, na harufu ya karafuu maiti, ileile aliyomtia dada yake mwenyewe kwenye sanda, ikamjia kutoka chini ya mlango, ikaingia puani na kooni hadi akaionja, na alipofika kwenye ufa wa mlango na kuchungulia aliona mgongo wa mwanamume ameketi mezani, amevaa sweta ya kahawia yenye kiraka kwenye kiwiko, kiraka alichokishona Shameem, kichwa kimeinama upande wa kushoto kama Swadeck anavyoinamisha akifanya kazi, na mkono ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, na nyuma yake kule jikoni alimsikia Swadeck akikohoa na kukoroga sukari.

Mkono ukasimama. Yule aliyeketi hakugeuka. Alingoja tu, kama mtu anayengoja mgeni aondoke ili aendelee na kazi.

Rehana alirudi jikoni akitembea kinyumenyume. "Ni wewe," alinong'ona. "Swadeck, kule ndani ni wewe."

"Nilishamwona," alisema Swadeck. "Hanisumbui."

Rehana alitaka amchukue mtoto waende kwao Vacoas siku ileile. Nawsheen hakukataa, hakulia. Alikaa tu chini akaendelea kuchora, na alipovutwa mkono akawa mzito, mzito kuliko mtoto wa umri wake, hata Rehana akamwachia. Akajiambia wataondoka Jumamosi.

Jumamosi, Rehana akiwa anapika farata, mikate kama chapati, hodi ikapigwa. Alikuwa Gislaine, mvua imemchapa, mfuko wa plastiki mkononi. Hakutaka kuingia.

"Nimemletea mashua zake," alisema. "Zote. Nimezing'oa kwenye meli kabla hazijatiwa kwenye maboksi. Bosi akinifukuza, anifukuze."

"Zina nini?"

Gislaine alimwonyesha vidole. Chini ya ukucha wa mmoja kulikuwa na tundu jeusi. "Sindano iliingia hapa nikiwa nafunga mashua kwenye sitaha, nikaendelea kushona. Vidole vimekufa ganzi. Hilo lingekuwa dogo." Akatazama barabarani. "Jana mjukuu wangu alianguka kwenye ngazi. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Mimi nimeketi palepale. Nilimsikia kama redio ya jirani. Mtoto wa mwanangu, bibiye. Redio ya jirani."

Rehana aligeuka ghafla, kwa sababu harufu ilikuwa imetoka jikoni. Si ya farata.

Nawsheen alikuwa amesimama juu ya kigoda mbele ya jiko. Alikuwa amekibandika kiganja chake cha kulia juu ya tawa, kile kikaango cha moto, karibu na farata, na alikuwa akiutazama moshi. Uso wake ulikuwa mtulivu. Rehana alimvuta, akaukamata mkono, akautia kwenye maji, na ngozi ikabaki juu ya chuma.

"Haiumi, khala," mtoto alimwambia dada wa mama yake.

"Ya Rabi. Nawsheen, umefanya nini?"

"Haiumi. Mimi huweka kidole ndani ya mashua. Aliniambia nikimkumbuka Mama niweke kidole, itaisha. Kwanza ilikuwa kidole tu. Sasa imefika hapa." Akaonyesha bega.

"Nani alikuambia?"

"Baba. Yule wa chumba cha nyuma."

Rehana alimshika mashavu. "Na Mama? Bado unamkumbuka Mama?"

Nawsheen alifikiri, kwa adabu, kama anavyofikiri darasani. "Mama yupi?"

Swadeck alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa ameona yote. Alijua kuwa baba katika hali ile hukimbia, hupiga kelele, huangusha vitu. Aliyajua hayo kama unavyojua jina la mji ambao hutafika. Alijipapasa ndani akitafuta woga, akajipapasa tena kama mtu aliyepoteza funguo, na mifuko yote ilikuwa mitupu. Lakini akili yake haikuwa imekufa, na akili ilimwambia kwamba utupu ule haukuwa wake.

"Rehana," akasema kwa sauti yake tambarare. "Mwanangu ameungua nami natazama tu. Kamwite Miyaji."

Gislaine alikimbia kutafuta gari la kumpeleka mtoto hospitali. Miyaji Sakoor, mwalimu wa dini, hakuwa mbali. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, ndipo watoto wa mtaa walipojifunzia Kurani. Alikuja na mwavuli uliovunjika mbavu na kikohozi chake. Aliutazama mkono wa mtoto, akautazama uso wa mtoto, kisha akaelekea ukumbini bila kuuliza kitu.

Kwaru, kwaru.

Alisimama mbele ya mlango akasoma Ayatul Kursiy, akaisoma tena, akapuliza. Randa haikunyamaza. Ilipunguza mwendo, kama mtu anayesikiliza huku akifanya kazi. Kisha sauti ikatoka ndani, sauti ya Swadeck hasa, yenye uchovu wake.

"Miyaji, mimi sikuvunja mlango. Aliniomba."

"Alikuomba nini?"

"Asisikie kitu. Nimemnyima nini? Anakula. Analala. Na mtoto naye alikuwa akilia kila siku chini ya mto, sasa halii."

Rehana alijikunyata ukutani, amemkumbatia Nawsheen, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba mtoto alikuwa akilia chini ya mto, naye hakujua.

Miyaji aligeuka. "Ni kweli ulimwomba?"

"Kweli," alisema Swadeck. "Sikujua kuna anayesikiliza."

"Basi mimi nitasoma mpaka koo likauke, hatatoka. Umemkaribisha wewe, umtoe wewe. Ila ujue, alichokuwa amekubebea atakishusha hapahapa. Chote. Hatakupunguzia."

"Ni kingi?"

"Mimi utaniuliza nini, mwanangu? Mke alikuwa wako."

Nyuma ya mlango ile sauti ikashuka, ikawa karibu, kama mdomo umegusa mbao. "Swadeck. Usilitaje jina lake. Mpaka leo hujalitaja, na umeona ulivyokaa salama. Huwezi kubeba. Nilikuona pale bombani, mimi ndiye niliyekuona. Ulikuwa huwezi."

Swadeck alifikiri kuwa huenda ni kweli. Hakuwa na haja ya kubeba. Kama ingekuwa yeye peke yake, angerudi jikoni akamalizia chai, na mlango ungebaki umefungwa, na siku zingepita bila kumgusa hadi mwisho. Alimtazama binti yake. Nawsheen alikuwa akiugeuzageuza mkono uliobabuka, akiuangalia kama kitu cha dukani ambacho hana nia ya kununua.

"Shameem," akasema Swadeck.

Randa ikasimama.

"Mke wangu ni Shameem. Amekufa. Mwenye kilio chake ni mimi. Toka."

Mvua ilizidi kupiga mabati. Kisha ndani ya mfuko ulioachwa mlangoni mashua zikaanza kupasuka, moja baada ya nyingine, tak, tak, kama karanga motoni. Harufu ya karafuu maiti ikawapitia wote ukumbini, baridi, ikielekea nje, na Miyaji akaupisha upepo ule kwa kubandika mgongo ukutani.

Swadeck alipousukuma mlango, haukufunguka vizuri. Chumba kilikuwa kimejaa maranda hadi magotini, meupe, membamba, kana kwamba msitu mzima ulikuwa umerandwa humo. Kile kipande cha mti hakikuwapo. Hakukuwa na mtu.

Hapo Nawsheen akapiga yowe.

Rehana alisema baadaye kwamba hakuwahi kusikia yowe zuri wala baya kama lile. Aliushika mkono wake, akaruka, akamwita mama yake, akamwita kwa jina la kitoto alilokuwa ameliacha zamani. Gari lilikuwa nje. Gislaine alikuwa mbele na dereva, naye alikuwa akilia peke yake, anajifuta kwa vidole vinavyomuuma, akimwambia dereva apite njia ya nyumbani kwake baadaye, lazima amwone mjukuu.

Swadeck alimbeba mtoto hadi ndani ya hospitali, ileile alimofia Shameem, akapita korido ileile. Muuguzi alimchukua Nawsheen, akamkalisha, akaanza kusafisha mkono, na mtoto akalia, "Namtaka Mama, namtaka Mama." Ndipo Swadeck alipoketi sakafuni, juu ya vigae vilivyolowa, na sauti iliyomtoka iliwafanya watu waliokuwa wameketi kwenye foleni wasimame.

Muuguzi akageuka. "Na wewe umeumia? Umeumia wapi?"

Alitaka kumwonyesha. Mkono ulipanda kifuani, ukaenda shingoni, ukarudi tumboni, haukupata mahali pa kutua.

"Amefiwa na mkewe," alisema Rehana, akichuchumaa kumshika mabega.

"Pole sana. Lini?"

Rehana alisita. Alimtazama shemeji yake akitikisika pale chini, amelishika pindo la gauni la binti yake.

"Leo," akasema.