Anwani ya Fundi Cherehani

Foleni ya masjala ya mahakama ilikuwa imefika hadi kwenye ngazi, watu wamebanana kiasi cha kusikia pumzi za wenzao. Wakili alisimama katikati, koti lake jeusi limepauka mabegani, gauni la bluu likichungulia chini yake, faili kalibana kwapani. Nyuma yake sauti ya kiume ikasema taratibu:

"Samahani, dada. Kutoka hapa nilipo nasoma jina la mteja wako. Na mtaa anaokaa."

Wakili akageuka. Alikuwa kijana mrefu, mikono ya shati jeupe ameikunja hadi viwikoni, miwani imemteleza puani.

"Na macho yako yametumwa na nani?"

"Hayajatumwa, ndiyo kazi yangu. Nahangaika mafaili ya watu yasisomwe na watu kama mimi."

Wakili alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Akaligeuza faili.

Kijana huyo alikuwa fundi wa kompyuta wa umoja wa ofisi tisa za msaada wa kisheria, na wenzake walimwita Kufuli. Ofisi hizo, ya Wakili ikiwa mojawapo, zilitetea wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Zilitumiana mafaili kwa barua pepe ya kawaida, na Kufuli alikuwa amepewa kazi ya kuzinunulia kwa pamoja programu ya kuyasimba, ili faili likitumwa lisisomwe na yeyote ila yule aliyekusudiwa. Hakuna ofisi iliyoimudu peke yake. Zote tisa zikitia saini, muuzaji angewalegezea bei.

Vikao vikawa vingi. Kufuli alieleza, wakurugenzi wakauliza maswali yale yale, na Wakili aliketi mkabala naye akijifanya anaandika. Baada ya kikao cha nne simu zikaanza.

"Umekula?" Wakili aliuliza.

"Nimekula maneno ya mkurugenzi wa ofisi ya tisa. Nane zimekubali, yeye anauliza barua pepe tuliyoizoea imemkosea nani."

"Pole, laazizi wangu."

"Nani laazizi wako?"

"Kuna mtu mwingine kwenye laini hii?"

Wakili alificha uso kwenye koti, ingawa chumbani alikuwa peke yake.

Kufuli aliweka sharti: mpaka saini ya tisa ipatikane, mafaili ya wanawake waliofichwa yapelekwe kwa mkono. Wakili ndiye aliyemuunga mkono kwanza. Alikuwa na mteja mmoja, fundi cherehani mwenye sauti ya juu na kidole kilichovunjwa na mumewe kikaunga vibaya. Bado alishona nacho. Wakili alipoandika anwani ya nyumba ya siri aliyohamishiwa, fundi huyo alicheka.

"Huko hata mimi mwenyewe nitapotea, Wakili."

"Ndivyo tunavyotaka."

Ikafika siku ya Kufuli kumpeleka Wakili kwa mama yake, saa saba mchana. Siku hiyohiyo faili la fundi cherehani lilitakiwa ofisi ya wenzao, upande wa pili wa jiji, kabla ya saa sita. Mvua ilikuwa inamwagika. Wakili alikuwa amevaa gauni la kijani, jipya, na viatu vyembamba. Akatazama dirisha, akatazama saa. Kisha akaketi, akalituma faili kwa barua pepe.

Mama yake Kufuli alimpenda. "Huyu mwanangu hazungumzi na watu," alisema akimshika kidevu. "Wewe umemfanya nini?"

Siku ya tano mume wa fundi cherehani alibisha hodi kwenye nyumba ile. Alikuwa na kisu. Mwanamke alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika.

Mkurugenzi wa Wakili aliwaita wafanyakazi wake. Nani alikuwa na anwani?

"Mimi," Wakili alisema.

"Na nani mwingine?"

"Kufuli ana funguo za kompyuta zote."

Alisema hivyo tu. Ilitosha. Kabla siku haijaisha Kufuli alisimamishwa kazi, na mpango wa kununua programu ukasimama pia. Akapiga simu.

"Wanasema wewe ndiye uliyenitaja."

"Waliuliza nani anaweza kufungua."

"Na wewe unaamini ni mimi?"

Kufuli alisubiri, akasubiri, kisha akakata.

Zikapita siku nane. Wakili alikuwa anaishi na dada yake mkubwa, na siku ya nane dada akamwondolea sahani ambayo haikuguswa.

"Kama ni yeye aliyefanya, mbona unakonda wewe? Na kama si yeye, umekaa hapa kufanya nini?"

Asubuhi yake Wakili alipanda ngazi hadi chumba cha Kufuli, juu ya duka la rangi. Alimkuta na ndevu za wiki nzima, vifungo vya shati vimepishana.

"Nililituma kwa barua pepe," alisema akiwa bado mlangoni. "Siku ile ya mama. Mvua ilinyesha, nikaogopa kukuchelewesha."

"Najua."

"Unajua?"

"Niliona kwenye kumbukumbu za kompyuta siku ile ile ya msiba. Lilifunguliwa mapokezi ya ofisi uliyoipelekea, kwenye mashine inayotumiwa na kila mtu. Binamu wa yule mume anafanya kazi pale."

"Na ukanyamaza siku zote hizi?"

"Nilitaka uniambie wewe." Sauti yake ilikwaruza. "Nilisema atakuja kesho. Nikasema hivyo kila siku, mpenzi."

Wakili aliketi kwenye ngazi. Kufuli hakumshika, lakini hakufunga mlango.

Wiki hiyo ofisi tisa zilikutana. Wakili alisimama akasimulia yote, pamoja na gauni la kijani na zile siku nane. Mkurugenzi wa ofisi ya tisa alivuta karatasi akatia saini bila swali hata moja. Kufuli alirudishwa kazini, binamu akapelekwa polisi, na Wakili akakabidhi mafaili yake, asijue kama atayarudia.

Kisha akaomba apelekwe kwa shangazi aliyemlea marehemu. Kufuli alisimama nyuma yake wakati anaeleza pale kizingitini. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Aliniambia kuna wakili mmoja anamwamini," alisema. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, shangazi."

Shangazi akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Walitembea hadi barabara kubwa. Magari yalipita, vumbi likawapiga usoni.

"Bado nataka kukuoa," Kufuli alisema.

"Ukinioa, usinisamehe haraka."

"Bado sijaanza."

Akamshika mkono, wakasubiri magari yapungue, wakavuka.