Fundi Cherehani na Baiskeli ya Baba

Asubuhi ile baba alipofariki, Sindano alikuwa akifagia vipande vya nguo chini ya cherehani cha mama yake, kama alivyofanya kila siku kabla ya kwenda shule. Jirani alitokea mbio hospitali alikolazwa baba, akasimama mlangoni, akatikisa kichwa. Mama akasimamisha cherehani. Baiskeli ya baba ilikuwa imeegemea ukutani, matope ya bwawani yakiwa bado kwenye matairi.

Kila Jumapili baba alikwenda bwawani kutazama ndege. "Twende wote, mke wangu," alikuwa akisema. Naye mama, pini mdomoni, alijibu, "Ngoja nimalize gauni hili kwanza."

Miezi ikapita. Jioni moja mama, aliyekuwa na miaka arobaini na sita na hajawahi kukalia baiskeli, akasema, "Sindano, nifundishe. Nataka kufika bwawani kabla mvua hazijaharibu njia."

"Mama! Kwa umri huo?"

"Umri gani? Miguu hii inakanyaga cherehani tangu hujazaliwa."

Kweli, miguu haikuwa na shida. Shida ilikuwa kusimama. Kila alipotaka kusimama, mama aliachia usukani kwa mkono wa kulia, akapapasa hewa, na baiskeli ikapinda kuelekea kwenye ua wa jirani.

"Breki, mama! Breki!"

"Naitafuta!"

"Uliishika sasa hivi!"

"Basi mbona imenikimbia?"

Watoto wa mtaa walikaa ukutani kama wako uwanja wa mpira. "Sindano, mama yako anashona barabara!" mmoja alipaza sauti. "Tena kwa mishono ya mawimbi!"

Masikio ya Sindano yaliwaka moto. Wiki nzima ilikuwa ni hayo hayo: kushikilia, kupiga kelele, kuinua baiskeli. Ijumaa mama alipoingia mtaroni, uvumilivu ukamwisha Sindano.

"Nimechoka! Nimekwambia mpaka sauti imenikauka. Wewe hufundishiki, mama! Baiskeli ni ya baba, iache ukutani!"

Mama alijikung'uta matope taratibu.

"Kila Jumapili nilimwambia baba yako asubiri nimalize gauni," alisema. "Nguo za watu haziishi, mwanangu. Yeye ndiye aliyeisha." Akaikokota baiskeli hadi nyumbani, akichechemea.

Kesho yake Sindano alikaa kando ya cherehani, akikata nyuzi. Mama alikuwa akishona mkono wa shati, miguu ikienda kasi, mara mteja akabisha hodi. Bila hata kutazama, mama alipeleka mkono wa kulia kwenye gurudumu dogo ubavuni mwa cherehani, akalizuia. Cherehani kikasimama.

Mkasi ulimponyoka Sindano. "Mama! Ndicho unachokitafuta barabarani!"

"Kitu gani tena?"

"Gurudumu la cherehani! Ukitaka kusimama, mkono wako unalikimbilia, na kwenye baiskeli halipo!"

Mama aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Alasiri hiyo hakupanda baiskeli kabisa. Aliikokota tu uani, akibana breki, akiachia, akibana tena, hadi mkono ukazoea. Sindano alitembea kando yake bila kupiga kelele.

"Nisamehe, mama. Nilikufokea mbele za watu."

"Nimekusamehe. Ila shika hili: ukiona mtu anarudia kosa lile lile, usiongeze sauti, ongeza macho. Hukunisaidia ulipopiga kelele, umenisaidia uliponitazama. Na mimi nimepata langu: jambo la moyoni halingoji gauni la mtu liishe."

Jumapili iliyofuata walifika bwawani, mama akiendesha, Sindano kakaa nyuma. Ndege walikuwa wengi. Mama aliwatazama muda mrefu.

Siku hizi Jumapili duka la ushonaji halifunguliwi. Mwenye gauni husubiri Jumatatu.